Mche wa Masika, Mti wa Kiangazi

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, ukaipita Kibaha, ukaipita Mlandizi, ukavuka daraja la mto Ruvu, umeshaingia kata ya Vigwaza. Wasafiri wengi wanapajua kwa mizani. Malori ya Zambia, ya Kongo na ya Rwanda hupanga foleni pale kupimwa uzito, na abiria wa mabasi hupata nafasi ya kuchungulia dirishani. Anayechungulia vizuri ataona nyasi ndefu, vichaka, mwembe mmojammoja, na pembezoni magunia ya mkaa yaliyofungwa rumbesa, yanasubiri gari. Hapo zamani nchi hii ya bara la Bagamoyo ilikuwa na misitu iliyotoa sandarusi ya kupelekwa ng'ambo kutengenezea vanishi. Leo inatoa mkaa. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Tanzania inatumia kama tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na nusu yake inaishia Dar es Salaam. Barabara hii ni moja ya njia kuu za kuufikisha huko.

Basi kila masika yanapokaribia, tunaambiwa tupande miti. Tarehe 1 Aprili ni siku yetu ya kupanda miti kitaifa. Turubai linafungwa, viti vinapangwa, mgeni rasmi anafika amechelewa kidogo, ngoma inapigwa, mche unashushwa shimoni, picha inapigwa, maji nusu ndoo yanamwagwa. Sina ugomvi na ngoma. Ninachotaka tuzungumze jioni hii ni yale yanayofuata baada ya turubai kukunjwa, maana hapo ndipo kazi ya kuotesha msitu inapoanza, na hapo ndipo bajeti nyingi zinapoishia.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa majukwaani ndiyo inayopigiwa makofi. Kila halmashauri nchini imewekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Halmashauri ziko 184. Zidisha, utapata miti milioni 276. Ni mingi, inatia moyo. Sasa ipande kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, ambayo ni nafasi ya kawaida kwa mashamba ya miti, na hekta moja itachukua miti 1,111. Kwa hiyo milioni 276 yote, ikiwa hakuna mche hata mmoja uliokufa, ingejaza hekta zisizofika 250,000. Upande wa pili wa daftari, hesabu za serikali za misitu iliyopotea kati ya 2002 na 2013 zilionyesha hekta 469,420 kila mwaka. Yaani lengo likitimia nchi nzima, bila mchwa, bila mbuzi, bila moto, tunarudisha nusu ya kile tunachopoteza. Na mchwa wapo, mbuzi wapo, moto upo.

Majirani nao wana namba zao. Ethiopia ilitangaza kwamba tarehe 29 Julai 2019 ilipanda miti zaidi ya milioni 350 kwa siku moja. Kenya ilifanya tarehe 13 Novemba 2023 kuwa sikukuu ya mapumziko ili watu wakapande, lengo likiwa miche milioni 100 siku hiyo, na bilioni 15 ifikapo 2032. Namba za siku moja zina utamu wake, lakini siku moja haijawahi kuotesha mti.

Mche unaopandwa Aprili huanza safari yake Oktoba au Novemba iliyotangulia, kitaluni. Mtu anachanganya udongo wa msituni, mchanga na samadi iliyooza, anajaza viriba kimoja kimoja kwa mkono, anasia, anamwagilia asubuhi na jioni, anaweka kivuli. Baadaye anakiondoa kivuli kidogo kidogo ili mche uzoee jua, na anapunguza maji ili ujifunze kiu. Hatua hii ya kuzoesha ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu mche ulioshibishwa maji kivulini una majani ya kijani yanayopendeza machoni mwa mnunuzi. Ukiupeleka mche huo kwenye kichanga cha Vigwaza, wiki ya kwanza ya jua kali inatosha kuumaliza. Kuna na ule uliochelewa kununuliwa, ukakaa kitaluni misimu miwili. Juu unaonekana mrefu, wa thamani, kumbe chini mzizi umejizungusha ndani ya kiriba mpaka umejifunga wenyewe. Utasimama mwaka mmoja au miwili, kisha utaanguka au utadumaa, na lawama zitakwenda kwa udongo.

Halafu kuna kiriba chenyewe. Nimeona mche uliopandwa siku ya sherehe ukiwa na kiriba chake, umefukiwa hivyo hivyo. Aliyeupanda alivaa suti, na hakuna aliyethubutu kumwambia mzee, hebu tuchane kwanza hiyo plastiki.

Shimo nalo lina wakati wake. Fundi wa miti huchimba kabla ya mvua, akatenga udongo wa juu na wa chini, akasubiri. Mvua ya kwanza haiamini. Anapanda ardhi ikishaloa vya kutosha kina cha shimo zima, ili mche upate wiki nyingi za unyevu mbele yake. Huku Pwani masika ya Machi hadi Mei yanatupa nafasi hiyo, na vuli ni ya kubahatisha. Kwa hiyo tarehe 1 Aprili kwetu si mbaya. Kwa mtu wa Dodoma, mwenye msimu mmoja wa mvua unaokatika mwezi huohuo wa Aprili, kupanda siku hiyo ni kuuaga mche. Mvua haina habari na shajara ya mgeni rasmi, na mahali ambapo shughuli husogezwa wiki tatu kumsubiri mkubwa, miche ndiyo inayolipa.

Sasa masika yamekwisha. Ni Juni. Nyasi zimerefuka kuliko mche, zinanywa maji yaleyale. Hapa inatakiwa palizi: mduara wa mita moja kuzunguka kila mche, kwa jembe, na nyasi zilizokatwa zilazwe shinani kutunza unyevu. Palizi moja haitoshi, inatakiwa mbili au tatu mwaka wa kwanza, na tena mwaka wa pili. Hekta 100 zina miche 111,100. Mtu na jembe lake, juani, mduara baada ya mduara. Hakuna kamera inayokuja kupiga picha ya palizi.

Mchwa huingia ukame ukikolea. Mikaratusi hasa wanaipenda: unaukuta mche umenyauka, ukiuvuta unatoka wote mkononi, mzizi umeliwa ukabaki ncha. Watu hutumia majivu, majani ya mwarobaini, wengine dawa za dukani. Inasaidia kiasi, na lazima kurudia.

Kisha ng'ombe. Vigwaza ina ranchi ya Ruvu na ina kijiji cha wafugaji, Chamakweza, na kiangazi mifugo hufuata maji mtoni. Kwa ng'ombe mwenye njaa mwezi wa Septemba, jani lolote bichi ni chakula, liwe la nani. Ni rahisi kumlaumu mchungaji, na wengi wanafanya hivyo redioni. Lakini aliyepanda miti katikati ya njia ya ng'ombe bila kukaa kikao na wenye ng'ombe amepanda lishe. Nitarudi kwa wafugaji baadaye, maana wana somo ambalo watu wa misitu walichelewa kulisikia.

Adui mkubwa kuliko wote ni moto. Mkulima anachoma shamba lake kabla ya vuli, upepo unageuka. Mrina asali anaacha kijinga. Mwindaji anachoma kusudi apate kuona. Mchungaji anachoma ili majani mabichi yachipue. Msitu mkubwa wa asili hupitiwa na moto wa nyasi na miti mingi ikasalimika, kwa kuwa magome yao ni mazito. Mche wa miezi sita hauna gome, una ngozi. Kinga yake ni njia ya moto, ukanda uliofyekwa na kukwanguliwa mpaka udongo, kuzunguka shamba lote na kulikatiza katikati, na kazi hiyo ifanywe kila mwaka mwezi wa Julai nyasi zikianza kukauka, na wawepo watu wanaoitwa na kufika moto ukionekana. Shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi, kubwa kuliko yote nchini, lina wafanyakazi, mitambo na minara ya kulindia moto. Shamba la miti la kata lina mwenyekiti na simu yake.

Ukiunganisha haya utaona mti unagharimu nini. Mche ni shilingi chache. Shimo ni jasho la siku moja. Kinachokula fedha ni miaka miwili, mitatu ya kulinda, kupalilia na kujazia mapengo ya iliyokufa. Mradi unaotangaza gharama kwa mche mmoja uliopandwa umetuficha sehemu kubwa ya bei.

Marehemu Profesa Wangari Maathai aliliona hili mapema. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake walipanda miti 7 Nairobi, viwanja vya Kamukunji, na katika hiyo 7 ni 2 tu iliyodumu. Mwanzo wa vuguvugu lililomletea tuzo ya Nobel mwaka 2004 ulikuwa huo, miti mitano imekufa kati ya saba. Baadaye kina mama wa vijijini waliootesha miche kwa ajili ya vuguvugu lake walilipwa kifuta jasho kidogo kwa kila mche ulioshika ukawa hai. Kupanda peke yake kulikuwa hakulipi. Mpaka leo sijaona mbinu iliyoishinda hiyo, na ajabu ni kwamba miradi mikubwa yenye wataalamu wengi bado inamlipa mkandarasi kwa idadi ya mashimo.

Serikali yetu imejaribu njia yake hapahapa karibu. Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kaskazini, upande wa Kibaha na Bagamoyo, ulikuwa umekatwa sana kwa ajili ya mkaa wa Dar es Salaam. Kuanzia miaka ya 2000 sehemu yake iliyochakaa iligawiwa vipande kwa wananchi wa jirani, wapande miti ya kuni na katikati ya mistari walime chakula. Akili yake ni nzuri: mkulima anapopalilia mhogo wake anakuwa ameupalilia na mti, na hachomi moto karibu na mahindi yake mwenyewe. Wakenya wanaufahamu mfumo wa namna hii tangu enzi za mkoloni, na kwao umepigwa marufuku na kurudishwa zaidi ya mara moja. Tatizo lake linajitokeza mwaka wa tatu au wa nne. Miti ikifunga kivuli, mazao hayatoki tena. Mkulima ambaye mti si wake ana kila sababu ya kutamani usikue haraka. Ukimpa haki ya kuvuna mti wenyewe, sababu hiyo inaondoka.

Ndiyo maana mti ulioenea zaidi Pwani kwa mikono ya watu wa kawaida haukuhitaji kampeni ya misitu. Ni mkorosho. Pamoja na mwembe na mnazi. Mwenye mkorosho anaujua mmoja mmoja, anaupogolea, anaufyekea chini, na moto ukitokea anakimbia na matawi mabichi bila kupigiwa filimbi. Wataalamu watasema shamba la mikorosho si msitu, na ni kweli. Ndege na wadudu wa msitu wa pwani hawaishi humo. Ila udongo umefunikwa, kivuli kipo, na mti umefikisha miaka 30.

Msikilizaji, kuna jambo linalonikera kidogo kuhusu vitalu vyetu. Ukitembelea kitalu chochote barabarani utakuta mitiki, mijohoro, mikaratusi, miarobaini, mivinje. Uliza mninga. Uliza mkongo, au mpingo. Muuzaji atakucheka, na ana sababu. Mninga ni mti wa ajabu: mche wake hufa sehemu ya juu kiangazi, ukachipua tena kutoka mzizini msimu wa mvua, ukafa tena, na unaweza kuendelea hivyo miaka kadhaa, ukijenga mzizi chini kwa chini, kabla haujaamua siku moja kupanda juu kwa kasi. Nani atanunua mche unaokufa kila mwaka? Na nani ataripoti mradi wa mininga baada ya miezi 12, wakati juu ya ardhi hakuna kitu? Mzizi ule unajua kiangazi cha hapa kuliko sisi tunavyokijua, lakini hauingii kwenye jedwali la taarifa.

Hapo ndipo ninapotaka kukufikisha. Chini ya vichaka vile unavyoviona dirishani Vigwaza kuna msitu uliokatwa ambao haujafa. Mchoma mkaa amekata shina, amechukua gogo, mzizi ameuacha. Mvua ikinyesha kisiki kinatoa machipukizi 10 au 15. Ng'ombe anakula, moto unachoma, mkulima anafyeka, kisiki kinajaribu tena mwaka unaofuata. Anayetaka mti hapo hahitaji kiriba wala ndoo ya maji. Anachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, anakata mengine, anapogoa matawi ya chini, anafunga kitambaa chenye rangi ili kila mtu ajue kisiki hiki kina mwenyewe, na anakilinda. Mzizi umeshakuwepo miaka mingi na umefika kwenye maji, kwa hiyo chipukizi linakimbia kwa kasi ambayo mche wa kitaluni hauiwezi.

Kule Dodoma, shirika la LEAD Foundation linaifundisha njia hii kijiji kwa kijiji kwa jina la Kisiki Hai, katika nchi ambayo vitalu vimeshindwa mara nyingi kwa ukame. Niger, kwenye ukingo wa jangwa la Sahara, wakulima walianza hivyo katika miaka ya 1980, na leo hesabu inayotajwa ni kama hekta milioni 5 zilizorudisha miti mashambani. Huko nako haikuwa suala la kupogoa tu. Zamani mti wa shambani ulihesabiwa kuwa wa dola, na mkulima aliung'oa ungali mdogo. Ulipoanza kuonekana wa mwenye shamba, ukaachwa. Hapa kwetu mtu mwenye mninga shambani anajua kwamba kuukata na kuusafirisha kunahitaji kibali na hati. Sheria hiyo ina nia njema ya kuzuia wizi wa magogo, lakini mkulima anayepalilia mtama akikutana na chipukizi la mninga anafanya hesabu zake, na jembe linapita.

Nilisema nitarudi kwa wafugaji. Shinyanga ilikuwa imefyekwa kwa miongo mingi, kwanza kuua mbung'o, kisha kulima pamba. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni ulifanya kama miradi yote: vitalu, miche ya kigeni, kampeni. Watu hawakuvutiwa. Uliposhika kasi ni pale uliporudi kwenye ngitili, desturi ya zamani ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili majani na miti vipumzike, kisha kulifungua kiangazi kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Miaka ya 2000 ilipoanza, ngitili zilizorudishwa zilikuwa zimepita hekta 300,000. Wenye ng'ombe ndio walioutunza msitu, kwa kuwa majani ya ng'ombe wao yalikuwa humo. Sikuambii Chamakweza ni Shinyanga. Historia ya ardhi ni tofauti, na mahusiano ya wakulima na wafugaji huku Pwani yana vidonda vyake. Lakini kikao cha kugawana misimu ya malisho ni rahisi kuliko kilomita za uzio wa miiba.

Tanzania imeahidi katika mpango wa Afrika wa kurejesha uoto kwamba itarudisha hekta milioni 5.2 ifikapo 2030. Ukizijaza kwa miche ya nafasi ya mita 3, unahitaji miche karibu bilioni 5.8, sawa na lengo la halmashauri zote kwa miaka 21 mfululizo. Haitatokea kwa viriba. Itatokea kwa visiki, ngitili na misitu ya vijiji, na miche iwekwe pale ambapo mzizi umekwisha kabisa: kingo za mto Ruvu zilizomomonyoka, viwanja vya shule, mashamba ya kuni yenye mwenyewe, na pwani kwenye mikoko iliyokatwa.

Na mkaa? Kuna jaribio la Kilosa, juu yetu kwenye barabara hiihii. Tangu 2012 vijiji kadhaa huko vimetenga sehemu ya misitu yao kwa mkaa, wakaigawa miraba ya mita 50 kwa 50, wakavuna mmoja na kuuacha jirani yake. Miti hukatwa kwa kuacha kisiki kilicho hai, na mraba ukishakatwa haurudiwi mpaka miaka 24 ipite. Ushuru unabaki kijijini, umejenga madarasa na zahanati. Kwa hiyo miraba ya mwanzo kabisa haitakatwa tena kabla ya 2036. Wakati huohuo, Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Mikakati yote miwili naiunga mkono, lakini miaka yake haijakaa pamoja. Mwanakijiji anayeulinda mraba wake leo atauliza, na ni haki yake, nani atanunua mkaa wake 2036 ikiwa Dar es Salaam inapikia gesi. Asipopata jibu la asali, la mbao au la hewa ya ukaa lenye bei inayoeleweka, ufuta una bei nzuri, na mraba ule unatosha kulima.